Maisha ya Nani?

Fungua boneti kwenye pakingi ya ploti yoyote Nairobi, Jumamosi saa tatu asubuhi, uone vile utapata wageni. Mimi nilihesabu. Kabla sijatoa kitambaa mfukoni walikuwa wamefika wanne: jirani wa 3B na kikombe chake cha chai, kijana anayeosha magari, soja wa geti, halafu keateka, ambaye hakusema kitu. Alinyoosha tu kidole kwenye bango la ukutani. HAKUNA KUTENGENEZA GARI HAPA. FAINI 2,000.

"Imekufa?" jirani akauliza.

"Haijakufa. Naangalia oili ya giaboksi."

Akacheka kama mtu aliyeambiwa ninajing'oa jino mwenyewe. "Siz, wachana na hiyo kitu. Utaharibu gari. Si uite fundi?"

Jirani ni mtu poa, na sukari yake nimeshaikopa mara nyingi. Lakini sentensi yake nimeisikia kwa watu wengi sana, wanaume na wanawake, wenye gari la kwanza na wenye la tatu. Inasema kwamba mwenye gari akiligusa analiharibu, na asipoligusa liko salama. Mimi nasema huo ni uongo, na ni uongo wa bei ghali. Nasema pia kwamba kizazi chetu, sisi tunaojiita wasomaji, tumeukubali kwa sababu unatubembeleza. Unatupa ruhusa ya kutojua kitu, kisha unatuambia huko kutojua ndiko ustaarabu.

Nikwambie kwanza kwa nini nina hasira.

Kaka yangu mkubwa alinunua gari la kufanyia teksi, zile za kuitwa kwa simu. Mathe, mwalimu wa shule ya msingi, alichukua mkopo wa Sacco kwa jina lake. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la Kijapani, lenye giaboksi ya CVT. Hiyo ni ile isiyo na gia za kuhesabu. Ndani mna puli mbili na mkanda wa chuma, na puli zinabana na kuachia kadiri mwendo unavyobadilika. Lilipiga kazi miezi kumi na moja bila kulalamika. Kisha tukaona tone chini, mahali linapolala usiku.

Fundi akaja. Simtaji jina, na siye ninayemshtaki. Akalala chini ya gari, akatoka, akasema sili moja imechoka, ataibadilisha, lakini oili imepungua na lazima iongezwe. Akanipigia mimi kwa sababu nafanya kazi tao. "Siz, pitia Kirinyaga Road, unichukulie ATF lita mbili. Ile nyekundu."

Nikaenda saa ya lanchi. Muuzaji hakuniuliza ni gari gani, na mimi sikumwambia. Nilichagua ya bei ya chini, nikapewa chenji, nikarudi ofisini. Chupa zilikaa ndani ya mkoba wangu mchana kutwa, kando ya riwaya niliyokuwa nayo wiki hiyo. Ile riwaya niliisoma hadi ukurasa wa shukrani, hadi jina la aliyechora jalada. Kwenye chupa sikusoma hata mstari mmoja.

Jioni tulisimama watatu kuzunguka ile injini. Oili iliyokuwa ikidondoka chini ilikuwa na ukijani. Tuliyokuwa tukimimina ilikuwa nyekundu kama juisi ya karamu ya watoto. Watu wazima watatu, macho sita, na hakuna aliyesema, "Ngoja, mbona rangi hazifanani?" Kaka hakusema kwa sababu fundi ndiye anayejua. Fundi hakusema kwa sababu mimi ndiye niliyenunua. Mimi sikusema kwa sababu mambo ya gari si yangu.

Gari likatembea. Wiki ya tatu likaanza mlio mwembamba, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Wiki ya saba, Waiyaki Way, tukipanda kuelekea Uthiru, injini ikalia kwa nguvu zake zote na gari likakataa kusonga. Matatu zilitupita zikipiga honi kana kwamba tumekaa pale kwa kupenda.

Giaboksi ya mtumba pamoja na kazi tuliambiwa shilingi 65,000. Kaka hakuwa nazo. Gari likakaa miezi minne chini ya mti, na kila mwisho wa mwezi Sacco ikaendelea kukata mshahara wa mathe kama kawaida, maana Sacco haina habari na mbu wa ndani ya giaboksi. Mwishowe tukaliuza kwa hasara. Leo kaka anaendesha gari la mtu mwingine na kila jioni anapeleka hesabu.

Siku ya kuliuza, mnunuzi alifungua boneti, akainama, akafuta kwa kidole mfuniko wa mahali pa kupimia oili ya giaboksi. Chini ya vumbi kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Yalisema tumia oili ya aina hii peke yake, na aina yenyewe ikatajwa kwa herufi na nambari. Yalikuwa pale miezi yote ile. Yalikuwa pale jioni ile tukimimina. Nimesoma hadithi fupi za watu wa nchi ambazo sitawahi kuzikanyaga, na sikusoma maneno machache yaliyokuwa kwenye gari ambalo mathe alikuwa analilipia.

Kwa hivyo mtu akiniambia "wachana nayo, utaharibu," namjibu kwamba sisi tuliharibu kwa kuwachana nayo.

Sasa tuulize huu woga ulitoka wapi, kwa sababu haukuzaliwa nao.

Giaboksi ya otomatiki ya kuuzwa kwa umma ilianza na General Motors huko Marekani, kwenye gari la Oldsmobile la mwaka wa modeli 1940. Kufikia 1949 kampuni hiyo ilikuwa imetoa kanuni za oili yake maalum. Mtindo ulioenea baadaye ulikuwa na mambo mawili ambayo mimi huyaona kama adabu. La kwanza ni dipstiki, kile kijiti cha chuma unachochomoa kuona oili iko wapi. La pili ni rangi. Oili hiyo kwa asili yake si nyekundu. Ilitiwa rangi nyekundu ili likionekana tone chini ya gari, mtu yeyote ajue hili limetoka kwenye giaboksi wala si kwenye injini. Mtu yeyote, pamoja na asiye na kifaa wala cheti. Kuna mhandisi aliyekaa akamfikiria mtu wa kawaida anayetazama sakafu asubuhi, akamwachia ujumbe.

Halafu miaka ikasonga, na watengenezaji kadhaa wakaanza kuondoa kile kijiti. Magari mengi ya siku hizi hayana dipstiki ya giaboksi kabisa. Mengine yana tundu lake, lakini mfuniko umefungwa kwa kufuli ndogo na kijiti hakimo. Pamoja na hilo likaja neno tamu: oili ya maisha. Imejazwa kiwandani, haibadilishwi, haiguswi, wewe endesha tu.

Maisha ya nani?

Fuata safari ya gari lenyewe. Linauzwa jipya Japani. Huko, gari la mtu binafsi hupelekwa ukaguzi wa serikali likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi ni gharama, na gari likizidi kuzeeka wenyewe wengi huamua bora waliuze. Linaingia mnadani, linapanda meli, linashuka Mombasa. Sheria yetu inakataa gari lililozidi miaka minane tangu liandikishwe, kwa hivyo mengi yanaingia yakiwa na miaka sita, saba. Yaani gari linaanza maisha ya hapa wakati lile "maisha" lililotajwa kiwandani lishaliwa karibu lote na mtu mwingine. Mwenye gari wa kwanza alipewa ahadi na ikatimizwa, maana aliliuza kabla haijavunjika. Wewe wa pili, na yule utakayemuuzia wa tatu, hamkuwa kwenye hesabu ya mtu.

Isitoshe, soma vitabu vya magari hayohayo vinavyokuja na gari. Vingi vina sehemu inayosema kwamba ukiendesha kwenye mazingira magumu, kagua na ubadilishe mapema. Mazingira magumu yanatajwa: joto, vumbi, mizigo mizito, safari za kwenda na kusimama, kwenda na kusimama. Nani alikuja Nairobi akaichora Outering Road saa kumi na mbili jioni bila kutuambia? Lakini hicho kitabu wengi wetu hatuna. Na ukikipata kwenye kijisanduku cha dashibodi kimeandikwa Kijapani, kwa hivyo tunakitumia kushikilia risiti za pakingi.

Ukifika petroli, kijana wa pampu atakuuliza, "Nikuangalilie oili na maji?" Anamaanisha oili ya injini na maji ya radieta. Ya giaboksi haulizi, na wewe huulizi. Hiyo ndiyo oili yatima ya gari la Kikenya. Kila mtu anadhani inaangaliwa na mwingine.

Basi wacha nikuonyeshe kile nilichokuwa nafanya pale pakingini, uamue mwenyewe kama kilistahili faini.

Nasema kuhusu gari lenye dipstiki ya giaboksi. Unaliendesha kwanza dakika kumi na tano au ishirini, oili ipate moto wake wa kazi, kwa sababu oili ikipata joto hutanuka na kipimo cha baridi ni tofauti. Unaliegesha mahali palipo sawa, si kwenye mteremko wa geti. Hendibreki juu. Injini ikiwa inanguruma na mguu wako uko kwenye breki, unapitisha gia polepole: P, R, N, D, unarudi mpaka P. Unaipa kila moja sekunde chache ili oili ijaze njia zake zote. Kwa magari mengi unapima injini ikiwa bado inanguruma. Honda nyingi ni kinyume, unazima kisha unapima mara moja. Ndiyo maana nasema soma cha gari lako, usinisome mimi tu.

Sasa tafuta kijiti. Kile chenye kishikio cha manjano mara nyingi ni cha injini. Cha giaboksi kiko upande wake, chini zaidi, na mara nyingi kimeandikwa. Chomoa, pangusa kwa kitambaa kisafi kisichotoa nyuzi, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena, soma. Kina alama za baridi na alama za moto. Wewe umepasha moto, soma za moto. Oili ikiwa kati ya alama mbili, funga boneti uende ukanywe chai.

Ikiwa iko chini ya alama ya chini, iongeze. Humo humo kwenye bomba la dipstiki ndimo unamomiminia, na bomba ni jembamba, kwa hivyo tumia faneli ndefu. Mimi natumia shingo ya chupa ya soda niliyoikata na kuunganisha na mpira safi wa plastiki. Robo lita kwanza, basi. Subiri, pitisha gia tena, pima tena. Kwa magari mengi toka alama ya chini hadi ya juu ni kama nusu lita tu, kwa hivyo mtu anayemimina lita nzima kwa mkupuo amepita. Na kupita si usalama. Oili ikizidi, sehemu zinazozunguka zinaipiga inakuwa povu, na povu haliwezi kubeba nguvu wala kupoza chuma. Watu wengi hawajui hilo. Wanadhani oili ni kama chumvi ya ugeni, ukizidisha ni ukarimu.

Kabla ya yote hayo, jina la oili. Hapa ndipo sisi tulipozama, kwa hivyo nitapiga kelele kidogo. Mafuta si mafuta tu! Toyota peke yake, kwa miaka tofauti, imetumia T-IV, kisha WS, na kwa giaboksi za CVT ina TC na FE. Nissan ina NS-2 na NS-3. Honda ina HMMF na HCF-2. Hayo si majina ya kuremba chupa. Oili ya giaboksi ya kawaida imepikwa kwa ajili ya vibamba vya klachi vinavyoshikana na kuachiana. Ya CVT imepikwa ili mkanda wa chuma na puli ya chuma vilainike lakini visiteleze. Ukiweka ya kwanza mahali pa ya pili, mkanda unateleza, unakwangua puli, na unga wa chuma unasambaa kila mahali. Huyo ndiye mbu wetu.

Mapishi haya yamekuwa makini siku zote. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa Marekani walikuwa wakichanganya mafuta ya nyangumi kwenye oili za giaboksi, kwa sababu yalishika na kulainisha vile walivyotaka, na iliwabidi watafute kemikali za kuziba pengo yalipopigwa marufuku. Walimfuata mnyama hadi katikati ya bahari kwa ajili ya ile tabia moja ya mafuta yake. Sisi tunaambiwa "ile nyekundu" tunatosheka.

Angalia pia kilicho kwenye kitambaa chako. Oili nzima inang'aa. Ikiwa imekuwa ya kahawia nyeusi na inanuka kama mandazi yaliyoungua, kuongeza hakutasaidia, kuna kitu ndani kinaumia. Na ikiwa imepungua, jua hili hata kama utasahau mengine yote: giaboksi hainywi oili. Injini kuukuu inaweza kuichoma polepole, lakini giaboksi imefungwa. Ikipungua, inatoka mahali: sili, gasketi ya sufuria ya chini, bomba linaloenda kwenye radieta. Tandika katoni bapa chini ya gari usiku, asubuhi uone tone limeanguka wapi. Kuongeza ni kununua muda wa kufika kwa fundi ukiwa na giaboksi hai. Mtu anayeongeza kila mwezi bila kutafuta tundu anajaza maji kwenye gunia.

Ni hayo tu. Hakuna nati iliyofunguliwa. Hakuna jeki. Hakuna tone chini, na kwa hilo namuunga mkono keateka asilimia mia, maana watu wanaomwaga oili chafu kwenye mtaro wa ploti wanastahili faini na viboko. Lakini bango lake halitofautishi kumwaga na kutazama. Kwake boneti iliyo wazi ni uhalifu tayari.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

Wa kwanza anasema, "Kila mtu na kazi yake. Fundi naye ale." Kabisa, na ale vizuri. Sijasema ufungue giaboksi sebuleni. Lakini kupima joto la mtoto wako hakumnyimi daktari kazi. Mafundi ninaowaheshimu, pale Grogan na kwingine, wote wananiambia kitu kimoja: mteja mgumu zaidi ni yule anayefika gari likiwa limeshakufa na hajui lilianza kuugua lini. Ukimwambia fundi, "Kuna tone la oili ya giaboksi upande wa tairi la kushoto, limeanza wiki jana, na hiki ndicho kifuniko, imeandikwa NS-3," umempunguzia nusu ya kazi. Na yule fundi mmoja kati ya kumi anayependa kubahatisha, umempunguzia nafasi.

Wa pili anasema, "Gari langu halina dipstiki, kwa hivyo hii hainihusu." Inakuhusu zaidi. Kwenye gari kama hilo oili hupimwa kwa kufungua nati ya pembeni au ya chini gari likiwa limeinuliwa sawasawa pande zote, oili ikiwa kwenye joto fulani linalosomwa kwa mashine. Hiyo si kazi ya pakingini. Kaa mbali nayo, mtu asije akalalia jeki peke yake chini ya gari kwa sababu yangu. Lakini katoni unaweza kutandika. Jina la oili unaweza kujua. Unaweza kuinunua mwenyewe, ukakagua kama kizibo kina muhuri, ukasimama pale ikimiminwa. Na unaweza kukasirika kidogo kwamba kuna mtu alikaa ofisini akaamua huhitaji kuona.

Wa tatu, na huyu ndiye ninayemwandikia hasa, anasema, "Mimi si mtu wa vitu kama hivyo. Mimi ni mtu wa vitabu."

Manze, hata mimi. Na ndiyo aibu yangu. Tumejijengea picha kwamba mikono yenye oili ni ya watu wengine, wale wa ovaroli, wale tunaowaita "buda" tukiwa na shida na kuwasahau likiwaka. Tunajadili nani anamiliki hadithi zetu, nani alichapisha nini, nani alifuta sauti ya nani. Vizuri. Lakini mtu anayesema anajali maarifa yako mikononi mwa nani, huku amelipia kitu miaka mitano na hajui kinaendaje, anajali nusu. Ile lebo kwenye mfuniko ni maandishi. Rangi ya tone ni maandishi. Kukataa kuyasoma kwa sababu yana mafuta ni ubaguzi wa kitabaka tu, hata ukiuvika miwani.

Na tuseme pia lile lingine. Kijana wa kiume akifungua boneti anaulizwa "shida nini, bro?" na anashikiwa tochi. Mimi niliambiwa niache. Dada yangu msomaji, wewe utaambiwa uache kwa upole sana, kwa mapenzi, na mtu anayekutakia mema. Mshukuru. Kisha endelea kupangusa kijiti.

Ile Jumamosi oili yangu ilikuwa kidogo tu chini ya alama. Niliongeza robo lita, nikapima, ikafika. Nilifunga boneti saa tatu na dakika arobaini. Keateka alizunguka gari mara mbili akitafuta tone la kunitoza nalo, hakupata, akaenda zake. Jirani wa 3B alibaki, chai imeshapoa.

"Na yangu nitajuaje iko wapi?" akauliza.

"Leta funguo."

Wiki iliyopita usiku, simu ikalia, WhatsApp ya kaka. Hakuna salamu. Picha mbili. Ya kwanza mfuniko wa giaboksi ya lile gari la mtu analoliendesha, umepanguswa vizuri hadi herufi zinang'aa. Ya pili chupa ya oili mkononi mwake, mbele ya kaunta ya duka. Chini akaandika: "Soma zote mbili uniambie kama zinafanana. Sijalipa bado."

Nilivuta picha, nikaikuza, nikasoma herufi moja moja, kisha nikarudia. Hazikufanana. Nikamwambia arudishe.